Upana wa Njiti ya Kiberiti

Kevo, nimestaafu. Najua mtu wa Form Three hastaafu, anaacha tu, lakini nimefanya kazi nyuma ya ile kliniki ya Kawangware kila likizo tangu nimalize darasa la nane, na wazee niliowahi kuona wakistaafu hawakuwa wamechoka kunishinda. Mama amesema mwaka wa Form Four sitashika meno ya watu, nitashika kitabu. Kwa hivyo ufagio, aproni na kile kiti cha miguu mitatu sasa ni vyako. Na kwa kuwa uko Form One na hujui kitu, wacha nikuandikie.

Vyeo sitavisimulia. Nilipandishwa mara moja tu, kutoka kufagia nje hadi kufagia ndani. Mshahara ulikuwa unapitia kwa Mama, na huko ulikofikia sikuwahi kufuatilia.

Siku ya kwanza nilitoka kwetu Olympic, huku Kibera, kwa miguu, nikavuka Ngong Road na usingizi machoni, nikaingia Kawangware viatu vikiwa vimebadilika rangi. Mama alikuwa ameniambia naenda kwa fundi wa meno, mimi nikajua ni mtu wa kung'oa. Nilimkuta mzee mnene amekaa mbele ya stovu, sufuria inatokota, na chumba kizima kinanuka kama saluni siku ya kupakana rangi za kucha. Nikafikiri ni chakula cha mchana. Nikamwuliza kwa heshima zote tunakula nini.

"Taya la juu la mwalimu," akasema bila kugeuka. "La chini litaiva saa nane."

Huyo ndiye Fundi Okeyo. Yeye haguzi mdomo wa mtu. Mwenye midomo ni Daktari Wairimu, anayekuja Jumanne na Ijumaa. Daktari humfanya mgonjwa aume uji fulani mzito wa waridi mpaka ugande, anautoa ukiwa na alama za meno yote, anatuletea huku nyuma. Sisi tunamimina plasta ndani yake, na plasta ikikauka unapata mdomo mzima wa mtu juu ya meza, mweupe, hauongei. Juu ya mdomo huo Fundi huchonga nta, hupanga meno kwenye nta, mgonjwa huja kujaribu, na akikubali ndipo nta hubadilishwa kuwa plastiki ndani ya visanduku vya shaba vinavyochemshwa. Hiyo ndiyo ile sufuria. Usipike githeri ndani yake, hata ukisikia njaa ya aina gani.

Watu wa pale humwita kila mtu aliyevaa aproni daktari, hata mimi waliniita. Salamu itikia. Ukiombwa kung'oa, toroka.

Vitu viwili vitakusumbua. Cha kwanza ni plasta, maanake haingoji. Mimi niliikoroga kwenye bakuli, nikatoka kidogo kuona vijana wakicheza mpira, niliporudi bakuli lilikuwa jiwe na kijiko kimesimama ndani kama bendera. Fundi hakufoka. Aliliweka dirishani, na kila mgonjwa aliyeuliza hicho ni nini aliambiwa, "Hiyo ni kazi ya Likizo." Jina likanikwama mpaka leo. Cha pili ni rangi. Meno ya plastiki huja yamepangwa kwenye kadi, kuanzia meupe hadi yale yaliyokunywa chai miaka mingi. Meupe pe hayamfai mtu yeyote, na kila mtu anayataka. Kazi yako ni kunyamaza wakati Fundi anamshawishi mtu akubali rangi ya meno aliyobaki nayo.

Sasa kuhusu kufagia ndani. Fundi ana sheria moja: hapangi jino la mbele kabla hajamwona mwenye mdomo akicheka. Mtu aliyefunga mdomo, husema, anakudanganya. Akicheka ndipo unaona mdomo wa juu unapanda hadi wapi, unaonyesha jino lote au nusu, unaonyesha fizi au hapana. Shida ni kwamba hakuna mtu anayecheka kwa daktari wa meno, na Fundi mwenyewe, kwa heshima zote, hawezi kumchekesha hata fisi. Siku moja alinisikia nje nikiwaigizia watoto jinsi mwalimu wetu mkuu anavyokimbia mvua huku akijifanya hakimbii. Akatoa kichwa mlangoni. "Likizo, njoo uifanye hiyo hapa ndani. Kuna mama amekataa kucheka tangu saa tatu."

Tangu siku hiyo, buda, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nimechekesha watu wazima wenye maumivu, na hakuna shule inayofundisha hilo.

Utaona watu wa kila namna. Alikuja mhubiri aliyetaka jino la dhahabu ili waumini wa nyuma nao waone Neno likitoka. Alikuja Mzee Abdalla wa Makina, ameletwa na mwanawe aliyekuwa anaoa, ati baba asionekane na pengo siku ya nikaha. Mzee alimsikiliza Daktari mpaka mwisho, taratibu, kisha akasema, "Binti yangu, pengo hili nimekaa nalo kuliko nilivyokaa na huyu kijana. Yeye anaondoka nyumbani wiki ijayo. Wacha nibaki na mmoja." Akaenda zake. Mimi nilitaka kucheka lakini Fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima. Aliniambia kuacha pengo pia ni matibabu, mradi mwenyewe amechagua akijua meno ya pembeni yanaweza kulala polepole kuliegemea.

Lakini kesi ninayotaka uibebe ni ya Mama Mwanya.

Unakijua kibanda chake, pale karibu na stendi, cha soda na mandazi. Jina lake ni Mwikali, kwao ni Kitui. Hakuna anayelitumia. Alikuwa na mwanya kati ya yale meno mawili ya mbele juu, mwanya wa kuzaliwa nao, na watu walisema "tukutane kwa Mwanya" hata wale wasiokunywa soda. Fundi, ambaye kwao ni Siaya, aliniambia wazee wa kwao waling'oa meno ya chini kwa makusudi ili mtu aonekane mtu, na Ukambani zamani aliyezaliwa bila mwanya angeweza kuchongewa. Mdomo ni wa watu wake, alisema, daktari ni mpangaji tu.

Siku moja kifungulio cha soda kikapotea, wateja wamejaa, Mama Mwanya akafanya vile sisi sote hufanya. Alifungua kwa meno. Chupa ya kwanza ilifunguka, ya pili ikafunguka, ya tatu ikaondoka na jino, moja kati ya yale mawili. Na mwanya, Kevo, ni kama mlango. Lazima uwe na miimo miwili. Ukiondoa mmoja huna mlango, una ukuta uliobomoka.

Alikuja kwetu Jumanne, leso mdomoni. Aliandamana na mumewe Muthama, mchomeleaji wa mageti, mtu asiyeongea, na kaka mkubwa wa mumewe, Bwana Kilonzo, anayefanya kazi ofisi za mjini na kuvaa tai hata akija Kawangware. Niliwawekea viti, mimi nikasimama.

Daktari akamweleza. "Mama, unaweza kuacha hivyo, hutakufa. Unaweza kuvaa pleti: jino liko kwenye plastiki inayokaa juu ya kinywa, inashikwa na kulabu za waya kwenye meno ya nyuma. Usiku unaitoa, unaiweka kwa kikombe cha maji. Ama tukuwekee daraja. Hapo nasaga jino la upande huu na la upande huu, nayavalisha, na hilo jipya linashikwa katikati yao. Halitoki, unalala nalo, unaamka nalo. Kuna na ile ya kupigilia skrubu kwenye mfupa, lakini hiyo hapa Nairobi ni mmoja wawili wanaifanya, sitakudanganya ati nitakupatia."

"Daraja," Bwana Kilonzo akasema.

"Nilikuwa naongea na mama."

"Najua, Daktari. Lakini mke wetu hatavaa kitu cha kutoa na kurudisha kama miwani. Mambo ya malipo niachie mimi."

Daktari akamgeukia Mama Mwanya. Leso haikushuka. "Vile shemeji amesema," ikasema leso.

"Basi kabla sijasaga chochote, Fundi atakutengenezea mfano wa nta, ujione. Jino likisagwa halioti tena."

Fundi alikesha na ule mdomo wa plasta kama mtu anayelea mgonjwa. Alipanga jino zuri, rangi sawasawa, limekaa bega kwa bega na mwenzake. Mimi ndiye niliyemshikia taa, na niliona ni kazi safi.

Ijumaa wakarudi wote watatu. Daktari akauweka mfano mdomoni, Fundi akanikonyeza. Nikaanza na yule muuza dawa ya panya wa Kawangware, jinsi anavyotangaza kwa kipaza sauti kwamba panya akila anaenda kufia kwa jirani. Mama Mwanya alijaribu kujizuia. Nilipofika kwa jirani mwenyewe, anayenunua dawa na yeye ili awarudishe, akaachilia. Alicheka mpaka mabega. Fundi akampa kioo papo hapo, akiwa bado anacheka.

Kicheko kilikwisha taratibu, kama redio inayoishiwa betri. Akajitazama. Akageuza uso huku, akageuza kule.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Zi, si yangu. Hii ni ya yule dada husoma habari kwa televisheni."

"Na si ni mrembo," Bwana Kilonzo akasema. "Yamejipanga, shemeji. Hakuna mtu atajua."

"Ndiyo hiyo. Hakuna mtu atanijua."

Fundi akavuta kiti. Hapo nilimwona akielewa, na sikupenda uso wake. Kazi yake nzuri yote ilikuwa ya kuziba, na hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenye mdomo kama anataka kuzibwa. "Mama, daraja lazima lishike pande zote mbili. Lile jino mwenzake la mbele ndilo nguzo. Nikiacha nafasi hapo, nimelikata daraja."

Muthama akaongea kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Na ukiliegemeza upande mmoja tu?"

"Wewe ni mtu wa mageti. Unaweza kuning'iniza geti kwa bawaba moja?"

Muthama akafikiri. "Naweza. Lakini singelala karibu nalo."

"Na ile ya kutoa?" Mama Mwanya akauliza.

"Ile inakubali. Jino linasimama peke yake kwenye plastiki. Naacha nafasi kiasi unachotaka."

Huko nje mtu alikuwa anapuliza mkaa, unasikia kila pumzi.

"Shemeji," Bwana Kilonzo akasema, sauti yake imeshuka, "hujui ile ya kutoa ni nini."

"Sijui. Lakini mwanya naujua."

"Nimesema gharama ni yangu."

"Si gharama, shemeji, na Mungu akubariki kwa hiyo roho. Lakini hawa watu hunijia kwa mwanya. Huyu ndugu yako alinioa na mwanya. Mama yangu akija kutoka Kitui, macho yake si mazuri, atanijua na nini?"

Bwana Kilonzo akainuka, akaenda dirishani, akatupa mgongo. Wewe unajua vile ilivyo kwetu, uwe wa Kitui ama wa Kakamega: zawadi ya mkubwa haikataliwi, na ikikataliwa haikataliwi mbele ya mdogo wake, daktari, na mwanafunzi mwenye ufagio. Muthama alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Mwanya leso ilikuwa imerudi mdomoni. Nilijua anasubiri mzee ageuke ili amwambie sawa, wasage. Fundi pia alijua, kwa sababu aliuchukua ule mfano wa nta akauficha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba.

Bwana Kilonzo akageuka. Mkono wake ulikuwa mdomoni, na ulipotoka ulikuwa umeshika pleti. Ya waridi, meno mawili.

"Niangalie," akasema, na neno lilitoka na upepo.

Muthama alisimama. "Kaka. Tangu lini?"

"Tangu nianguke na ile baiskeli. Wewe ulikuwa bado shule." Alikuwa anaongea pole pole, akichagua maneno yasiyovuja. "Hata mke wangu nyumbani hajawahi kuniona bila hii. Tulikuwa na karamu ya chai ofisini, ya kuaga mkubwa. Nikasimama kutoa hotuba. Nilipofika 'kwa niaba ya wenzangu' ikaanguka ndani ya kikombe. Hakuna aliyeona, maanake nilikunywa ile chai yote bila kupumua mpaka nikaifikia na ulimi. Chai ya moto. Sikutaka mke wetu afikie hapo."

Hakuna aliyecheka. Mimi ambaye kazi yangu ni hiyo sikucheka.

"Pole, shemeji," Mama Mwanya akasema. Kisha, "Na usiku unaificha wapi?"

"Kwa soksi."

"Iliyofuliwa?"

Bwana Kilonzo akamtazama, na kitu kikalegea usoni mwake. "Mara nyingine."

Fundi alinyoosha mkono akapewa ile pleti. Akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza, akabonyeza waya kwa ukucha. Uso wa mtu aliyeletewa gari bovu. "Mzee, hii umekaa nayo miaka bila kuirudisha kwa fundi?"

"Inarudishwa?"

"Fizi hunywea. Mdomo unabadilika, plastiki haibadiliki. Hizi kulabu zimelegea, zinafaa kukazwa, na huku ndani inafaa kuongezwa. Si pleti iliyokuaibisha. Ni kukosa kuitunza. Acha hapa, uichukue jioni."

"Nitarudi mjini bila meno?"

"Utakaa hapa na sisi. Likizo atakuchekesha."

Ndiyo ikawa. Mzee wa tai alikaa kwenye kile kiti cha miguu mitatu, mdomo umefungwa, akitingisha kichwa kwa kila kitu.

Sasa likabaki swali moja: mwanya ulikuwa wa upana gani? Mama Mwanya hakujua. "Mtu anajipima kweli?" Picha ya harusi ilikuwepo, lakini siku hizo za picha watu walifunga mdomo kama wako mahakamani. Fundi akaonyesha kwa kucha, hivi au hivi? Mama akasema kidogo, hapana, zaidi, hapana, umezidisha.

"Njiti ya kiberiti," Muthama akasema.

Tukamgeukia.

"Inaingia bila kulazimishwa. Haichezi, na haikwami."

"Wewe ulijuaje?" mkewe akauliza.

"Nilikuwa nikikuchumbia. Ulikuwa unaishikilia hapo ukiosha vyombo, kwenu, jiko likisubiri kuwashwa. Mimi nilikuwa nimeletwa na wazee, nimekatazwa kuongea. Nitazame nini kingine?"

Mama Mwanya alipigapiga goti lake akitazama ukuta. Daktari Wairimu, ambaye hana muda wa mchezo, alitoka nje kidogo na akarudi na macho yamelowa.

Fundi aliomba kiberiti. Alisimamisha njiti kwenye nta, akaegemeza jino jipya kando yake, akaondoa njiti. Kisha Mama akasema lake la zamani halikuwa limesimama wima hivi kama askari, lilikuwa limegeuka kidogo kama mtu anayeitwa na jirani. Fundi akaligeuza. Nikamsikia akisema peke yake kwamba hii ndiyo mara ya kwanza analipwa kukosea.

Na usije ukaenda kuwaambia watu pleti ndiyo bora. Kwa mwalimu mwingine aliyekuja baadaye na pengo, ambaye meno yake yalishikana na ya pembeni yalikuwa tayari yameoza nusu, Daktari alimshauri daraja na lilimfaa. Pleti ina taabu zake na Mama Mwanya alizipata zote. Wiki ya kwanza kila "s" ilitoka "sh", akawa anauliza wateja kama wanataka "shoda". Fundi alimwambia asome kwa sauti, chochote, na akawa anasoma pakiti za unga wa ngano pale kibandani mpaka watu wakafikiri ameokoka. Mahindi ya kuchoma aliambiwa ayapukuchue, asiyang'ate. Ataiosha juu ya beseni la maji, ikimponyoka isivunjike. Usiku ataitoa fizi zipumue, na ataweka kikombe mahali Muthama hatakinywa. Na kila baada ya muda ailete ikazwe. Hilo la mwisho Bwana Kilonzo humkumbusha yeye mwenyewe. Huja pamoja, yeye na shemeji yake, wanakaa kwenye benchi ya wagonjwa wakilinganisha kulabu kama wanawake wanaolinganisha vitenge.

Wiki iliyopita, kabla ya kukabidhi aproni, nilipita kibandani kumuaga Mama Mwanya. Kulikuwa na mteja mgeni, kijana wa kuuza mitumba, aliyeuliza kwa nini watu wanamwita hivyo. Mama hakumjibu. Alimchekea tu, mdomo wote, leso iko begani. Yule kijana akasema, "Aa. Sawa," akaagiza soda ya pili.

Nikaondoka kwa miguu kurudi Kibera. Nilipofika Ngong Road nikajaribu kukumbuka lile jino la plastiki ni lipi, la kulia ama la kushoto. Mimi niliyeshika taa. Nilisimama pale, magari yanapita, nikiupanga ule mdomo kichwani, na sikuweza. Fundi Okeyo anajua, lakini sitamwuliza, na wewe pia usimwulize.